Mguu Uliokaa Rafuni

Siku ya kuniaga walinipa saa ya ukutani. Nashukuru, ni saa nzuri, ina picha ya twiga. Ila mtu ukishastaafu unapewa saa ya nini, mimi sijui. Nimeitundika sebuleni kwangu Isevya, na anayeiangalia ni mjukuu wangu, ajue katuni zinaanza lini. Baada ya keki na soda kijana mmoja wa karakana alisimama akasema, "Mama, tuandikie hata kidogo, maana ukiondoka unaondoka na mambo yote." Nikamwambia nitaandika, kwa sharti kwamba wasome. Vyeo na mishahara siandiki, hivyo mnavijua wenyewe. Nitaandika nilivyoanza kazi, nani alinifundisha, na kisa cha mguu uliokaa kwenye rafu yangu miaka mpaka wageni wakawa wanadhani ni pambo.

Kwa msionifahamu, jina langu Salome. Nilikuwa fundi wa miguu ya bandia katika hospitali moja ya hapa Tabora, na wagonjwa waliniita Mama Miguu. Mwanzoni jina hilo liliniudhi. Baadaye nikalizoea, na sasa mtu akiniita Salome naangalia kwanza kama ananidai.

Sikuja kutafuta kazi ya miguu. Nilikuwa fundi cherehani, nimemaliza mafunzo kwa masista, nikasikia hospitali inatafuta mtu wa kushona. Nikadhani ni mashuka. Nikaelekezwa kwenye banda la nyuma, karibu na jiko la wagonjwa, nikamkuta mzee mmoja amekaa kwenye kigoda, mguu mmoja umevaa kiatu, na wa pili ameuweka mezani anaupiga tupa. Nilisimama mlangoni mdomo wazi. Akaniambia bila kuinua macho, "Ingia, binti. Huu hauumi."

Huyo ndiye Mzee Mayunga, mwalimu wangu. Alikuwa mfanyakazi wa reli, wale wanaounganisha mabehewa, na behewa moja likampitia chini ya goti. Mguu aliopewa ulimchubua, akauchukia, akajichongea mwingine kwa mninga. Wakubwa wa hospitali walipouona wakamwomba achonge wa mtu mwingine, na hakurudi tena relini. "Mninga ni mti wa kitanda," alikuwa akisema. "Kwa mguu ni mzito. Lakini ukimpiga mtu teke, anakumbuka." Siku ile ya kwanza alinipa ngozi nishone mkanda wa kushikilia mguu juu ya goti. Nikashona vizuri, mshono umenyooka. Akauvuta mara moja ukakatika. Akanirudishia. Nilishona mkanda ule ule mpaka jioni, nikarudi nyumbani nikamwambia mama yangu kwamba kesho siendi. Kesho yake nikaenda.

Alinifundisha kushika kigutu. Ninyi siku hizi mna vipimo vya kompyuta, na vizuri, mimi mwenyewe nilivipenda vilipokuja, havitoki jasho. Lakini kabla ya kupima, mshike mtu. Weka kiganja, sikia wapi pana joto, wapi pagumu, wapi anashtuka. Kisha zungumza naye habari za kwao huku mkono uko pale pale. Mzee Mayunga alikuwa akiuliza habari za mvua na za mahindi, na mgonjwa akija kushtuka plasta ya kuchukulia umbo imeshakauka.

Na alituachia sheria ya reli. Zile bomba mbili ndefu za kushikilia mtu anapojifunza kutembea, ni yeye aliyeziita reli, na jina likaganda. Sheria yake ilikuwa kwamba mgonjwa mpya akisimama mwanzo wa reli, mwisho wa reli asimame mtu mwenye mguu wa bandia aliyekwisha kutembea, amwite na ampokee. Si muuguzi, si daktari, si mimi. "Wewe Salome una miguu yako miwili," aliniambia. "Ukimwambia njoo, haiumi sana, unamdanganya. Aitwe na mtu anayejua inauma kiasi gani." Ndiyo maana siku za kliniki benchi letu lilikuwa linajaa watu wasio na miadi. Walikuja kupokea wenzao. Wengine walikuja kwa ajili ya uji pia, na hatukuwauliza.

Kisha vita vya Burundi vikaanza kutufikia kwa treni ya Kigoma. Mwanzoni walikuwa wakulima waliokanyaga mabomu wakienda kuchota maji. Halafu wakaja wapiganaji, wa serikali na wa msituni, wote wamevaa mashati ya mitumba na wote wanasema walikuwa wakulima. Hatukuuliza upande. Ila benchi lilijua. Kulikuwa na mmoja, Leonidasi, aliyekuwa askari wa serikali ya kule. Alipata mguu kwetu, akabaki hapa Tabora, akawa anauza karanga stendi ya mabasi. Siku moja alikaa karibu na kijana wa msituni, wakaanza kuulizana vilima, na ikatokea kwamba waliwahi kurushiana risasi kwenye kilima kimoja. Nilishika tupa yangu vizuri, nikasema hapa leo patachafuka. Wakabishana mpaka saa ya uji nani alikimbia kwanza. Mwisho Leonidasi akamtupia pakiti ya karanga akasema, "Kula, muongo wee."

Wakubwa wa vita hatukuwaona. Hilo nililitazama sana miaka ile. Walikuja watoto wa watu, walikuja wapishi na wabeba mizigo, kamanda hakuja hata mmoja. Nikasema labda wakubwa wana miguu migumu kuliko sisi.

Sasa kisa chenyewe. Ulyankulu mnapajua, makazi ya Warundi waliokimbia zamani, watu wa tumbaku na mahindi na kanisa. Kutoka huko alikuwa anakuja mama mmoja, Generoza, mjane, na mtoto wake mmoja tu aliyebaki, Desideri. Walikuja kwa basi, baiskeli imefungwa juu. Wakishuka stendi, mama anamkalisha Desideri kwenye keria, magongo yake mapajani, anaisukuma baiskeli mpaka kwetu. Desideri alikuwa mwanamume mrefu, mwenye mabega. Mama yake alikuwa na kimo cha cherehani yangu.

Desideri alizaliwa Ulyankulu, na Burundi alikuwa anaisikia tu wazee wakisimulia. Miaka ile vijana wa kule walikuwa wanatoweka mmoja mmoja, mzazi anaambiwa kijana amekwenda Kigoma kutafuta kazi. Desideri naye akaenda Kigoma kutafuta kazi. Aliporudi, walimbeba watu, na mguu wa kulia ulikuwa umekatwa chini ya goti na mtu ambaye, kwa jinsi nilivyouona, hakuwa daktari.

Nilimtengenezea mguu. Wakati huo Mzee Mayunga alikuwa ameshafariki na tulikuwa tumeachana na mninga, tunatumia plastiki. Mguu ule ulitoka vizuri, nasema bila aibu. Kigutu kiliingia kwenye kikombe chake bila kubana wala kucheza. Nikamsimamisha kwenye reli, Leonidasi akasimama mwisho, akamwita. Desideri akasimama pale, mikono imeshika bomba, hakunyanyua hata unyayo. Nikauliza, "Unauma?" Akasema, "Hauumi." "Mrefu?" "Sio mrefu." "Sasa?" Akakaa kwenye kiti, akaufungua mkanda taratibu, akanipa. "Niwekee, fundi."

Nikauweka kwenye rafu. Nilidhani ni uoga wa siku ya kwanza, huwa unakuja. Mwezi uliofuata wakaja tena, mama anasukuma. Nikaushusha mguu, nikaupangusa vumbi, akautazama, akasema niwekee. Ikawa hivyo mwaka, ikawa miaka. Yeye anakuja nibadilishe mipira ya magongo, mama yake anakuja kwa ajili ya mguu, na mguu unabaki rafuni.

Siku moja Generoza alinivuta nje, tukakaa kwenye ngazi ya jikoni. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akaanza kusugua magoti yake. "Mama fundi," akasema, "mimi baiskeli inanishinda. Mwaka jana nilikuwa nasukuma moja kwa moja. Sasa hivi napumzika pale kwenye mzunguko, napumzika na hapa getini. Yeye ananiona napumzika na anatazama pembeni. Mimi nikifa, nani atamsukuma?"

Nikamwambia, "Mama, mguu ni mzuri. Yeye ndiye hataki, na sijui kwa nini."

"Mimi najua," akasema. "Nimelitoa neno hilo kwake juzi, kwa kumlilia. Kule msituni mkubwa wao aliwapanga mstari akawaambia hakuna anayeondoka mpaka yeye mwenyewe atamke kwamba ondoka. Kila mwenye miguu miwili ni wangu, aliwaambia hivyo. Walioondoka bila ruhusa, Desideri aliona walivyofanywa. Yeye aliumia, wenzake wakamvusha mpaka, huyo mkubwa hakuwapo. Hakuna aliyemwambia ondoka."

"Lakini kule wameshaweka saini za amani, mama. Watu wanarudi makwao."

"Nimemwambia. Anasema walioweka saini si yule."

Nilikasirika, nasema kweli. Si kwa Desideri. Nilikasirikia mtu nisiyemjua, anayeweza kukaa kwenye kichwa cha mwenzake miaka yote hiyo bila kulipa pango. Nilirudi ndani nikamwambia Desideri, "Mimi nimesikia. Mguu wako upo." Akaitikia kwa kichwa tu.

Haukupita muda mrefu, akaletwa mzee mmoja kutoka Urambo. Mkulima wa tumbaku, amefikia kwa ndugu zake. Mrefu, mwembamba, shati limepigwa pasi, na mguu umekatwa kwa kisukari. Mwiba ulimchoma shambani, kidonda kikakataa kupona. Nilimwamkia, akaitika kwa upole, akakaa mwisho wa benchi. Benchi likahama. Sijui nieleze vipi. Hakuna aliyesimama, lakini baada ya muda nikaona watu wote wamesogea upande mmoja, na kati yao na yule mzee ingeweza kukaa familia. Leonidasi alikuja mezani kwangu akaninong'oneza, "Mama Miguu, huyo ni kamanda. Sisi wa serikali tulikuwa na picha yake." Akaniambia vijana wa Ulyankulu walikuwa chini yake, akataja na jina walilomwita msituni, ambalo sitaliandika.

Basi ndiyo nikamwona mkubwa wa vita. Nilikuwa nimemngojea miaka, na alipokuja alikuwa na sukari ya juu na anaogopa sindano.

Nilimshika kigutu nilivyofundishwa. Nikamuuliza habari za mvua Urambo. Mikono yangu ilifanya kazi sawasawa, kichwa changu hakikuwa pale. Nilijua kwamba siku ya kumsimamisha kwenye reli itakuwa siku ya kliniki, na siku ya kliniki Desideri huwa anakuja. Ningeweza kumpangia siku nyingine. Nilifikiria sana, nikampangia siku hiyo hiyo.

Siku ilipofika, Generoza alikuwa amekaa kwenye benchi na Desideri pembeni yake, magongo mapajani. Kamanda alitoka chumba cha vipimo kwa mkongojo, amevaa mguu mpya. Desideri alimwona. Aliinamisha kichwa na mabega yake yakanyooka, kama mtu aliyeitwa kwenye mstari. Mama yake alimtazama mwanawe, akamtazama yule mzee, akaelewa.

Nilimweka kamanda mwanzo wa reli. Nikasema nilivyozoea kusema, "Nani anampokea?"

Nikamtazama Leonidasi, akawa anahesabu pakiti zake za karanga. Nikawatazama waliokuwa msituni, kila mmoja amepata kitu cha kutazama sakafuni. Yule mzee alisimama pale ameshika bomba, jasho linamtoka, siku ya kwanza inauma, mimi naijua kwa kuwatazama. Ningeweza kumwambia akae. Ningeweza kwenda mimi. Lakini sheria ilikuwa ya Mzee Mayunga, na wenye haki ya kuitumia walikuwa wamekataa mbele ya macho yangu. Sikuwalaumu.

Generoza akasimama.

"Mama," nikamwambia, "sheria yetu…"

"Naijua sheria yenu. Wenye sheria wamekaa." Akaenda na kanga yake mpaka mwisho wa reli, akasimama mbele ya kile kiti cha kupumzikia, akamtazama yule mtu usoni. "Ngwino," akamwambia. Njoo, kwa Kirundi.

Kamanda akaja. Hatua fupi, anavuta, anasimama, anavuta. Hakuna aliyemsifu, na huwa tunawasifu. Alipofika mwisho alitaka kukaa, lakini Generoza hakupisha kiti.

"Unanijua?"

"Hapana, mama."

"Ni sawa. Yule pale unamjua?"

Akageuka kidogo, akamtazama Desideri muda mrefu. "Namjua," akasema.

"Hataki kuvaa mguu. Anasema hujamruhusu kuondoka. Nimezeeka, baba. Mruhusu mwanangu."

Yule mzee akasema kwa sauti ya chini, "Mama, mimi si kamanda tena. Mimi nalima tumbaku."

"Hilo usiniambie mimi. Mwambie yeye."

Nilimwona akitazama kiti, akitazama mlango. Kisha akafanya jambo ambalo kwenye reli siku ya kwanza tunalikataza kabisa: akaachia bomba, mikono yote miwili. Nikaruka kumshika, Generoza akaninyooshea kiganja nisimame. Mzee akasimama mwenyewe, anatetemeka, kidevu juu. Akaita jina zima la Desideri, la ubatizo na la ukoo, na Desideri akainuka kwa magongo yake kabla hajajua kwamba ameinuka. Kamanda akamwambia kwa Kirundi neno moja: "Taha." Rudi nyumbani. Halafu akarudia kwa Kiswahili, sote tusikie. "Nimekuruhusu. Kazi imekwisha. Rudi nyumbani kwa mama yako."

Desideri akauliza, "Na wale waliobaki kule kilimani, ni nani atawaambia?"

Kamanda akashika tena bomba. Generoza akapisha kiti, akamshika mkono mpaka akakaa, maana alikuwa mama wa namna hiyo. Mzee akafunika uso kwa viganja vyake na benchi zima likamwacha alie. Mimi pia sikwenda.

Desideri akanigeukia. "Fundi," akasema, "naomba mguu wangu."

Hapa ndipo nawaambia ninyi vijana jambo la kazi. Ningekuwa mtu wa kusimulia hadithi ningesema niliushusha, akauvaa, akatembea. Niliushusha, ndiyo, akauvaa. Haukumfaa. Kigutu kisichofanya kazi kinasinyaa, na mguu wake ulikuwa unacheza ndani ya kikombe kwa nafasi ya vidole. Nililia kwa hasira, mbele ya watu, kwa ajili ya plastiki. Desideri ndiye aliyenibembeleza. "Tengeneza mwingine, Mama Miguu," akasema. "Sasa mimi sina haraka."

Haraka nilikuwa nayo mimi. Nilimpaka plasta siku hiyo hiyo. Aliporudi, kamanda naye alikuwa amekuja kurekebishiwa mkanda. Nikauliza nilivyozoea, nani anampokea, na yule mzee akaanza kujiinua. Desideri akatikisa kichwa. "Huyo akae," akasema, bila ukali. Mzee akakaa. Leonidasi akaweka kapu lake la karanga chini, akaenda mwisho wa reli akasimama. "Njoo, muongo wee," akamwita. "Inauma, sikufichi." Desideri akaenda mpaka mwisho, akageuka, akarudi, akaenda tena.

Alikaa nasi hospitali akifanya mazoezi mpaka nilipomwamini na ardhi isiyo sawa. Siku ya kuondoka niliwasindikiza hadi getini. Generoza alikuwa ameshashika usukani wa baiskeli kama kawaida, anangoja mwanawe apande keria. Desideri akaja kwa mguu wake, akautoa mkono wa mama yake taratibu, akashika usukani yeye.

"Panda, mama."

"Mimi siumwi."

"Najua huumwi. Panda."

Akanitazama mimi, kama nitamtetea. Nikamwambia sina la kusema, mimi ni fundi tu. Akaikusanya kanga yake, akashika bega la mwanawe, akapanda.